Kidonge Kimoja Asubuhi: Kisa cha Mkaazi Mgeni kwenye Kliniki ya Meno ya Mtaani, Moshi

Usuli

Kliniki yetu ina kiti kimoja. Iko mtaani hapa Moshi, mlango wake unatazamana na genge la ndizi. Tupo watatu: mimi daktari wa kinywa na meno, muuguzi, na binti wa mapokezi. Wanaotujia wengi ni watu wa jirani, na kati yao wapo wageni wanaoishi hapa kwa vibali vya ukaazi: walimu, watu wa utalii, wastaafu walioupenda mji wakabaki.

Wageni hawa huingia na maswali mawili hata kabla hawajakaa. La kwanza ni bei, kama kuna ya mwenyeji na ya Mzungu. Orodha imebandikwa ukutani, ni moja kwa wote, na mimi huwaonyesha kwa kidole. La pili ni maji. Wamesikia kwamba maji ya Kilimanjaro na Arusha yanatia meno madoa ya kahawia. Ni kweli kwamba baadhi ya vyanzo vya huku vina madini ya floridi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuyachemsha maji hakuyaondoi. Lakini madoa hayo humpata mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, yaani hadi kama miaka minane. Mtu mzima aliyehamia huku na meno yake tayari hapati madoa hayo. Basi, hilo huisha hapo.

Kisa ninachokieleza hakikuhusu bei wala maji. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wa kliniki ndogo, hasa sisi tunaofanya kazi bila daktari mwingine wa kumuuliza chumba cha pili. Jina, nchi, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mgonjwa mwenyewe ameridhia. Majirani humwita Meku, kama wazee wa Uchagani wanavyoitwa, nami nitamwita hivyo.

Meku ni mstaafu wa miaka sitini na kitu kutoka nchi mojawapo ya Ulaya ya kati. Amepanga nyumba ya nyuma kwa mama mmoja, na wamezoeana kiasi kwamba mama humpelekea chakula jioni. Kiswahili chake ni kizuri cha salamu, cha sokoni na cha dukani. Anajua kwamba ukiulizwa habari unajibu nzuri, na ukiulizwa hujambo unajibu sijambo. Naomba msomaji alishike hilo.

Siku ya kwanza

Walikuja wote wawili asubuhi, Meku ameshika shavu la kushoto.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea Meku wangu, jino linamtesa. Siku ya tano leo halali.”

Binti wa mapokezi alijaza kadi. Kwenye mstari wa magonjwa aliuliza kama kawaida: ana ugonjwa wowote, presha, kisukari, aleji? Alimuuliza mama, hakumuuliza Meku. Mama akajibu palepale, “Huyu? Mzima kama chuma. Kila asubuhi anatembea mpaka Rau na kurudi.” Meku akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, “Mimi mzima, asante.” Kadi ikaandikwa: Hapana.

Alipokaa kwenye kiti nilirudia mimi mwenyewe. “Meku, una tatizo lolote la kiafya?”

“Hakuna shida, daktari. Jino tu.”

Jino lenyewe lilijieleza. Lilikuwa gego dogo la pili la juu kushoto, lenye kiraka kikubwa cha madini ya kijivu alichozibwa kwao miaka mingi nyuma. Wiki mbili kabla alikuwa ameuma kijiwe kwenye wali, akasikia kitu kimealika. Niliona ufa ukipita katikati ya jino. Nililigusa kwa pamba yenye ubaridi, hakusikia kitu; nililigonga kidogo kwa mpini wa kioo, akaruka. Picha ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Jino lilikuwa limekufa, lina usaha, na ufa ule ulikuwa hauniachii matumaini ya kuliokoa. Nilimweleza, akakubali ling'olewe. Shilingi 30,000. Mama akauliza, “Ni ya wote hiyo?” nikamwonyesha ukutani.

Muuguzi akavuta ganzi kwenye sindano.

Niliposhika kioo kuvuta shavu ili nichome, jicho langu lilikwenda chini, kwenye meno ya mbele ya taya la chini ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote. Ukingo wa fizi ulikuwa na uzi mwembamba wa damu, jino hadi jino, na hakuna aliyezigusa. Nikamwomba ateme. Mate yalikuwa ya waridi. Alipoinama kutema, mkono wa shati ukapanda, nikaona alama ya kuvilia damu kwenye mkono, pana kama kiganja, rangi ya zambarau.

“Ulianguka, Meku?”

“Hapana. Nilibeba ndoo ya maji.”

Nikairudisha sindano kwenye trei. Nikakaa kwenye kigoda, usawa wa macho yake, nikauliza kwa namna nyingine: “Meku, ukiamka asubuhi, unameza nini?”

“Chai.” Akafikiri. “Na kidonge. Kidonge cha moyo. Kimoja kila siku, miaka tisa sasa.”

Mama akageuka. “Moyo? Mbona hujawahi kuniambia?”

“Hukuuliza, mama. Na siumwi. Kidonge kinanisaidia, kwa hiyo mimi ni mzima.”

Kwake yeye hapakuwa na uongo wowote. Mgonjwa, kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, ni mtu aliyelala kitandani.

Mama alipanda bodaboda hadi nyumbani na kurudi na kopo la biskuti lililojaa dawa. Ndani yake kulikuwa na pakiti yenye maandishi ya kwao, kadi ndogo yenye safu za tarehe na namba, na bahasha tatu za kaki kutoka duka la dawa. Bahasha ya kwanza iliandikwa kwa kalamu 1x3, ya pili 2x3, ya tatu 1x2. Amoksilini na metronidazo, ambazo ni antibayotiki, na daiklofenaki ya maumivu. Alikuwa amezimeza siku nne. Alichosema dukani ni “naomba dawa ya jino”, na alichoulizwa ni kama ana aleji.

Jina la dawa kwenye pakiti sikuwahi kulikuta kwenye mafunzo wala kazini: fenprokumoni. Nililitafuta kwenye simu. Ni ndugu wa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na Ulaya ya kati huuzwa kwa majina kama Marcumar. Meku anayo kwa sababu mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Moyo wa namna hiyo unaweza kutengeneza donge la damu, donge likasafiri hadi kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Kila mwaka anapokwenda kwao hurudi na dawa za mwaka mzima.

Ile kadi ya namba nilikuwa siwezi kuisoma lugha yake, lakini herufi tatu nilizitambua: INR. Hicho ni kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa hizo huwa karibu na 1. Kwa mgonjwa kama Meku hutakiwa kati ya 2 na 3. Cha mwisho kilipimwa wiki tano nyuma, 2.4. Vizuri kabisa, ila kilikuwa cha kabla ya zile bahasha.

Kwa nini hatukung'oa

Metronidazo hulizuia ini lisivunje dawa za jamii ya wafarini. Dawa hujikusanya mwilini na damu huzidi kuwa nyepesi siku hadi siku, ingawa mgonjwa hajaongeza hata robo kidonge. Daiklofenaki nayo hudhoofisha chembe zinazoziba jeraha na huweza kuchubua tumbo. Halafu kulikuwa na jambo la tatu ambalo lingenipita kama mama asingelitaja: kwa siku tano Meku alikuwa anakunywa uji tu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mnafu karibu kila jioni. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, na vitamini K husaidia damu kuganda, yaani hushindana na fenprokumoni. Mizani ikaondolewa jiwe upande mmoja na kuongezwa upande wa pili, kwa wakati uleule.

Uamuzi wa kwanza: haling'olewi leo, na ganzi haichomwi mpaka tuijue damu yake ikoje.

Lakini mtu alikuwa na maumivu ya siku tano, na kumwambia nenda urudi usingekuwa utabibu. Jino lililokufa halina uhai ndani, kwa hiyo linaweza kutobolewa bila ganzi. Nililibana kwa vidole viwili lisitikisike, kwa kuwa kinachouma kwenye jino la hivyo ni mtikisiko, nikatoboa polepole kupitia kile kiraka cha zamani. Usaha uliochanganyika na damu ulipanda kwenye tundu. Harufu yake tunaijua sote tunaofanya kazi hii. Meku alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka. Tukasafisha kwa maji ya dawa, tukaweka dawa ya kalsiamu, tukaziba kwa muda. Damu iliyotoka ilikuwa ya matone.

Uamuzi wa pili: metronidazo na daiklofenaki zisimame. Maumivu yakibaki atumie parasetamo, kwa siku chache tu na bila kuzidisha, kwa kuwa ikitumika nyingi kwa siku nyingi nayo hupandisha INR. Amoksilini pia niliisimamisha. Usaha ulikuwa umepata njia, hakuwa na homa, uso haukuvimba. Antibayotiki haiwezi kuingia ndani ya jino lililokufa, kwa sababu hakuna mshipa wa damu wa kuipeleka.

Uamuzi wa tatu ulileta ubishi. Mama alisema, kwa nia njema kabisa, “Si aache tu hicho kidonge siku mbili, tung'oe tumalize?” Nimewahi kusikia ushauri huo hata kwa wenzangu. Hatari yake ni kubwa kuliko ya kutoka damu. Jeraha la jino naliona, nalikandamiza, nalishona. Donge likifika kwenye ubongo sina cha kukandamiza. Tena fenprokumoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko wafarini: nusu yake huchukua kama siku sita kuisha. Siku mbili za kuiacha zisingenipa damu salama, zingenipa tu mgonjwa aliyevurugwa dozi. Dawa ya moyo haiguswi na daktari wa meno. Itaguswa na aliyesomea hilo.

Nikaandika barua ya rufaa: jina la dawa na jina la jamii yake, INR ya mwisho na tarehe, dawa tatu za dukani na siku alizozimeza, hali ya fizi na mkono. Kisha nikampigia simu daktari wa magonjwa ya ndani wa hospitali ya rufaa kabla mgonjwa hajaondoka. Barua peke yake ingekaa kwenye benchi pamoja na mgonjwa.

Siku tisa

Alasiri ileile majibu yalitoka: INR 5.6. Kama ningeng'oa asubuhi ile, ningefanya hivyo kwa mtu ambaye damu yake ilikuwa haigandi ipasavyo, saa tatu asubuhi, kisha ningemruhusu arudi nyumbani.

Daktari wa ndani alisimamisha dozi, akampa vitamini K kiasi kidogo, akampangia vipimo. Siku ya tatu ilikuwa 4.1. Siku ya nane 2.6, na dozi ilikuwa imesharudishwa kwa maelekezo yake.

Tuling'oa siku ya tisa. Tulichagua asubuhi, na katikati ya wiki, ili kama damu itasumbua tuwe na mchana mzima na kesho yake. INR ikiwa chini ya 4 jino moja linaweza kung'olewa bila kusimamisha dawa, mradi jeraha lisimamiwe vizuri, na uwe na kipimo cha ndani ya saa 24. Chetu kilikuwa cha jana yake. Ganzi nilichoma juu ya mzizi, pembeni tu, taratibu. Jino lilitoka vipande viwili, ufa ulikuwa umefika hadi chini. Tukaweka sponji ya jelatini kwenye shimo, tukashona nyuzi mbili, akang'ata shashi iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, dawa ileile wakunga wanayotumia mama anapotokwa na damu baada ya kujifungua. Kwa hiyo haikuwa kazi kuipata mjini. Alikaa kwenye benchi letu saa nzima. Damu ilisimama.

Saa tatu usiku mama alipiga simu, mate yamekuwa mekundu kidogo. Nikamwambia aloweshe kifuko cha majani ya chai kwenye maji, akikamue, Meku akiume kwa nusu saa bila kuchungulia. Majani ya chai yana tanini inayosaidia damu kushika. Asubuhi alinitumia ujumbe kwamba amelala usiku kucha.

Bima ya kwao ilitaka risiti yenye maelezo. Niliandika “jino namba 25”, namba ya kimataifa ya jino lile, pamoja na tarehe na kazi iliyofanyika, na ikakubaliwa bila kutafsiriwa.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni fizi za taya la chini. Nasema hivyo kwa uzito, kwa sababu hakuna hatua yoyote ya utaratibu wetu wa kawaida iliyolinasa jambo hili. Kadi ilisema Hapana. Swali langu lilijibiwa Hakuna shida. Picha ilionyesha jino tu. Sindano ilikuwa imeshajazwa. Ningekuwa na haraka ya mgonjwa wa pili, ningevuta shavu nikatazama nilipotaka kuchoma na si kwingine.

Nimelifikiria swali lile siku nyingi. Kwa Kiswahili, una ugonjwa wowote ni ndugu wa hujambo. Mtu aliyelelewa vizuri hulijibu kwa wema kwanza, na huzuni yake huitoa baadaye kama kuna nafasi. Sisi wenyewe tukikutana tunasema nzuri, na msiba uko nyumbani. Meku alikuwa amejifunza adabu yetu vizuri mno, akaitumia mahali ambapo mimi nilihitaji taarifa. Nilipouliza unameza nini asubuhi, nilipata jibu, kwa kuwa hilo halina salamu ndani yake. Lina kidonge au halina.

Mkalimani naye. Mama yule alimleta Meku kwa upendo, alisimama naye, alikwenda kuchukua kopo. Bado, alikuwa anatujibia mambo asiyoyajua. Tulimfanya mkalimani bila kumuuliza Meku kama anataka, na hapakuwa na haja, Kiswahili chake kilitosha kama tungesema polepole tukimtazama yeye. Mbaya zaidi, siri ya moyo wake aliijua mwenye nyumba wake kwa mara ya kwanza kwenye chumba changu. Meku hakukasirika. Angekuwa na haki ya kukasirika.

Kosa langu jingine ni kutouliza amekwisha kutumia nini kwa ajili ya jino lenyewe. Hapa mtaani karibu kila anayekuja na jino bovu amepitia duka la dawa kwanza, hilo silo jambo la kushangaza wala la kumlaumu. Muuzaji alitoa mseto ambao sisi madaktari wenyewe tumeuzoesha watu. Nilimwendea, nikamweleza kuhusu wafarini na metronidazo, akaandika majina hayo mawili kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kaunta.

Kilichofaulu baada ya hapo ni kugawana kazi. Mimi nilitoa usaha, yeye wa magonjwa ya ndani akashughulikia damu, na ile simu ndiyo iliyotuunganisha. Kutoboa jino badala ya kung'oa kulitupa siku tisa bila maumivu. Bila hivyo mgonjwa angekwenda kung'olewa kwingine jioni ileile, na hapo pia angesema yeye ni mzima.

Kadi zetu tumezibadilisha. Mstari wa magonjwa bado upo, lakini juu yake kuna maswali mengine: kila siku unameza dawa gani, hili jino umelinunulia dawa gani, na uliwahi kujikata damu ikakataa kukata? Yanaulizwa na muuguzi, faragha, na anayemjibu ni mgonjwa mwenyewe. Mwenye dawa anaombwa aje na pakiti yake, hata kama imeandikwa kwa lugha gani.

Ile siku ya tisa, Meku akiwa benchini na shashi mdomoni, muuguzi alimgeukia mama kwa mazoea mapya tu. “Na wewe mama, kila siku unameza nini?” Mama akafungua mkoba, akatoa vidonge vya presha na vidonge vidogo vyeupe vya aspirini, ambayo nayo hudhoofisha chembe zinazoziba jeraha, alivyopewa kliniki ya presha miaka mitatu iliyopita. Mwaka mmoja baada ya kupewa, mimi mwenyewe nilikuwa nimemng'oa gego la chini. Nilikwenda kwenye droo nikaitafuta kadi yake. Kwenye mstari wa magonjwa, kwa mwandiko wangu, imeandikwa: Hapana.